Viatu Ndani ya Kifua

Siku niliyokabidhi funguo, wauguzi vijana wa wodi ya akina mama waliniandalia chai, wakanipa leso mbili na saa ya ukutani, kana kwamba aliyestaafu ndiye anayehitaji saa. Kisha mmoja wao, msichana mwenye maswali kuliko hakimu, akaniambia, "Sista Zubeda, tuandikie ya zamani. Ya wakati wa vita." Nikakubali kwa sababu nilikuwa nimeshiba keki. Sasa niko kwetu Witu, sina zamu wala kengele, na nimeona nikikaa kimya zaidi nitasahau. Ya kupandishwa vyeo sitayaandika; yalikuja yakiwa yamechelewa kama yanavyomchelewa kila mtu. Nitaandika juu ya kazi, na zaidi juu ya mwanamke mmoja aliyeniambia kwa miaka mingi kwamba yeye ni maiti.

Nilifika Garissa miaka ya mwanzo ya uhuru, vita vya serikali na wapiganaji wa Kisomali vikiwa vimekwisha kukolea. Tulikwenda kwa msafara wa malori, na dereva wetu alitushauri sisi wanawake tukae nyuma, kwa sababu bomu la kutegwa barabarani huanza na walio mbele. Alisema hivyo akipanda yeye mwenyewe mbele, akitafuna njugu. Hospitali ilikuwa majengo machache ya mabati, na joto lake mchana lilikuwa la kuivisha mkate. Sindano zilikuwa za kioo. Tulizichemsha juu ya jiko la mafuta ya taa, na ncha zikipungua makali tulizinoa kwa jiwe. Ninyi mnaotupa sindano baada ya kumchoma mtu mara moja hamjui mlivyo matajiri.

Aliyenifunza kazi ni Bwana Mwadime, dresa mkuu, bwana wa vidonda na bandeji, mtu wa Taita, mrefu, mwenye viatu vikubwa vya ngozi alivyovipaka rangi kila asubuhi kama vile Garissa kuna lami. Alinifunza kunusa kidonda kabla ya kukitazama. Alinifunza kumtazama mgonjwa anavyotembea kutoka mlangoni hadi kitini, kwa sababu akishaketi anaanza kuigiza. Na alinifunza ujanja wake mmoja aliojivunia sana: mgonjwa mwenye hofu ya kufa alimvisha mipira ya kusikilizia masikioni, akaweka upande wa pili kifuani pake, amsikilizishe moyo wake mwenyewe. "Mtu akijisikia anadunda," alisema, "nusu ya ugonjwa inatoka kwa aibu." Niliona wanaume wazima wakitabasamu kama watoto kwa ujanja huo.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Halima, aya wa wodi, mjane wa Kisomali wa pale pale Garissa. Alifagia, alichemsha vyombo, na alikuwa mkalimani wetu, ingawa mshahara wake ulijua kufagia tu. Wiki yangu ya kwanza alinivuta kando.

"Abaayo," akaniambia, yaani dada yangu, "hii wanawake wa huku usiongee nao umesimama. Kaa chini kwanza. Ukisimama wanaona serikali."

Nikaanza kuketi chini. Sare nyeupe na vumbi la Garissa havipatani, lakini sabuni ilikuwepo.

Baadaye wafugaji walikusanywa kwenye vijiji vilivyozungushiwa uzio wa miiba, ili wapiganaji wasipate chakula kwao. Mifugo ilikufa, watu wakabaki wakitazamana. Sisi tulipelekwa kuhudumia kijiji kimoja cha namna hiyo, upande wa kuelekea Bura, kila Jumanne, kwa lori, na askari wa kutulinda. Tulifunga turubai, tukapanga meza, Bwana Mwadime akachukua wanaume na mimi nikachukua wanawake na watoto.

Kitu cha kwanza nilichokiona pale ni ukimya. Lori letu lilikuwa na kelele za kuamsha waliozikwa, na kokote kwingine watoto walilikimbilia. Pale hakuna aliyekimbia. Watoto waliingizwa ndani ya vibanda, mikeka ikashushwa milangoni, na tuliposhuka tulikuta uwanja mtupu wenye jivu la moto uliomwagiwa maji punde tu, bado unafuka. Baada ya muda mrefu wanawake wakatoka, mmoja mmoja, wamejifunika hadi machoni, wakapanga mstari bila kusemezana.

Wanaume wa kijiji walikuwa na magonjwa ya kawaida: kikohozi, homa, macho, vidonda vya miiba. Wanawake walikuwa na magonjwa ambayo sikuwahi kufundishwa. Mmoja aliniambia, kupitia kwa Halima, kwamba kuna mtu amelala juu ya kifua chake na hashuki, hata yeye akisimama. Mwingine alisema mifupa ya nyonga yake imebadilishwa, aliyo nayo sasa si yake, na aliomba nimwonyeshe kwa mkono mahali mifupa ya mtu inapopaswa kuwa. Mwingine alisema akinywa maji anayasikia yakianguka mbali sana, kama kisimani. Kulikuwa na mmoja aliyejisugua kwa mchanga mapajani hadi ngozi ikatoka, na nilipomwuliza inamwasha, alisema haimwashi, ila haitoki.

Niliwapima. Homa hakuna, bandama haikuvimba, mkojo safi, mapigo ya moyo ya kasi kidogo lakini ya watu wenye afya. Wiki iliyofuata walikuja wengine na maneno yale yale. Wale waliokuja mwanzo na waliokuja mwisho hawakuwa wamesikizana, kwa maana turubai lilikuwa na pazia na Halima alinong'ona, lakini mtu wa kifuani alikuwa yule yule na uzito wake ulikuwa ule ule. Nakiri nilianza kuogopa Jumanne. Kuna siku nilijikuta nimeweka mkono kifuani pangu kuhakikisha hakuna mtu.

Mzee aliyesimamia kijiji ndiye aliyenizidishia baridi. Nilimwuliza wanawake hawa wanaugua tangu lini.

"Wiki mzima wako fizuri," alisema, akinishangaa, kwa Kiswahili cha huko ambacho p hugeuka b na v hugeuka f. "Wanachota maji, wanabika, wanabeba kuni. Wanagonjeka Jumanne tu."

Bwana Mwadime alisema wanataka vidonge vya bure. Mimi nilichukua maji ya kisima chao nikayapeleka mjini yakachunguzwe, nikiamini nimegundua kitu. Jibu likarudi kwamba maji ni mazuri kuliko ya hospitali, jambo ambalo sikulitilia shaka.

Jumanne moja, mstari ulipokuwa umekwisha, aliingia mwanamke kijana aitwaye Dahabo. Hakuwa na zaidi ya miaka ishirini. Nyuma yake alikuja mama mkwe wake, bibi mkavu mwenye macho makali, amebeba mtoto mchanga wa kike, Sahra, aliyekonda hadi uso ukawa wa kizee. Dahabo mwenyewe alibeba kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Akakiweka mezani kwangu juu ya bandeji. Ilikuwa sanda.

Zamani alikuwa akiuza maziwa sokoni Garissa, kwa hiyo Kiswahili cha kutosha alikuwa nacho, na hakumngoja Halima. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeomba asprini:

"Sista, mimi nimekufa zamani. Shekhe anakataa kunizika. Huyu mama anakataa bia. Wewe ni serikali. Waambie."

Mama mkwe akasema maneno mengi ya Kisomali kwa hasira, na Halima akayafupisha: mumewe Dahabo yuko mbali upande wa Elwak na ngamia waliosalia, hajui lolote. Dahabo ana maziwa ya kumtosha mtoto. Lakini kila asubuhi anayakamua mchangani, anayafukia, anasimama hapo kidogo kama watu wanavyosimama kaburini. Mtoto anapewa maziwa ya unga kwa maji ya mtoni, anaharisha, naye anakwisha.

"Kwa nini humnyonyeshi?" nikamwuliza.

"Maziwa hii ni ya maiti. Akikunywa, atanifuata."

Nilimbeba Sahra. Nimebeba watoto wengi, na mkono hujua kabla ya mizani. Yule alikuwa amebakiza wiki chache tu, asipopata titi. Nikampima Dahabo kila kitu nilichojua kupima, na kila kitu kilikuwa sawa. Nikamwambia kwa furaha, "Dahabo, huna ugonjwa wowote." Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyeleta sanda.

Basi nikakumbuka ujanja wa Bwana Mwadime. Nikamvisha mipira masikioni, nikaweka upande wa pili kwenye kifua chake, nikamwambia, "Sikiliza. Huo ni moyo wako. Maiti ana moyo unaodunda?"

Akasikiliza. Mwanzo uso wake haukuwa na kitu. Kisha macho yakaanza kuhama, polepole, kutoka kwangu hadi mlango wa turubai. Akanong'ona.

"Hii si moyo. Hii ni fiatu."

"Nini?"

"Fiatu. Wanatembea." Akasikiliza tena, amenishika mkono kwa vidole baridi mchana wa jua kali. "Bado hawajafika. Wanakuja."

Na wakati ule ule nikasikia viatu kweli. Huko nje kokoto zilikuwa zikisagwa, hatua kwa hatua, zikija upande wetu. Nikafungua pazia. Alikuwa askari mmoja wa msafara wetu, kijana tu, anakuja kuomba maji ya kunywa. Lakini wanawake waliokuwa wamekwisha hudumiwa, wamekaa hapa na pale uwanjani wakingojea dawa, wote walikuwa wamechutama, wameinamisha vichwa hadi magotini, wamejifunika, hakuna anayepumua. Uwanja mzima ulikuwa marundo ya nguo. Askari yule akasimama katikati yao na kikombe chake, akitazama huku na huku, naye pia akaingiwa na hofu bila kujua ya nini.

Tuliporudi mjini kwa lori, Halima alinieleza, mdomo karibu na sikio langu, kwa sababu ya kelele na kwa sababu nyingine. Kabla ya uzio, wakati wanaume wako mbali na mifugo, wenye bunduki waliwakuta wanawake kisimani.

"Wa upande gani?" nikauliza.

"Sista, usiulize. Wao wenyewe hawasemi. Walisikia fiatu, wakafumba macho. Watu wa bunduki, bas."

Walibakwa. Naliandika neno hili waziwazi kwa sababu katika kijiji kile sikulisikia likitamkwa hata mara moja. Walikuwa wamekubaliana wao kwa wao wasiseme. Likisemwa, waume wangewaacha au wangekwenda kulipiza na kufa, na mabinti wasingeolewa. Kwa hiyo kila mmoja alibaki na nyonga, na kifua, na maji yanayoanguka mbali, na hayo ndiyo waliyoruhusiwa kuyaleta hospitali. Nasi hospitali tulikuwa tukiwafikia kwa lori lenye ngurumo, tumezungukwa na bunduki, na dresa wetu mkuu mwenye viatu vilivyong'arishwa. Nililia ndani ya lori lile. Halima hakunibembeleza, alinipa ncha ya shuka lake nipanguse makamasi.

Nilimweleza Bwana Mwadime nikitarajia ubishi, maana alikuwa mtu wa ubishi. Alivitazama viatu vyake kwa muda mrefu. Jumanne iliyofuata alimshauri dereva asimamishe lori mbali, kwenye migunga, kisha akamwambia sajini wa msafara kwamba kijijini kuna ugonjwa mbaya wa kuambukiza na askari wake wakae hapo hapo. Sajini akauliza ugonjwa gani. "Bado hatujaupa jina," akajibu Bwana Mwadime, na huo haukuwa uongo. Halafu akaketi kwenye ngazi ya lori, akafungua kamba, akavua viatu na soksi, akajitwika sanduku la dawa, akaanza kutembea kwa miguu mitupu juu ya mchanga wa Garissa, saa za jua kali. Alikwenda akirukaruka na kumtaja Mungu wake kwa Kitaita. Mimi na Halima tulimfuata, viatu vyetu mkononi.

Tulipofika, mikeka ilikuwa bado imeinuliwa milangoni. Hatukuwa tumesikika. Mtoto mmoja alitukimbilia. Mwanamke fulani alipoona zile nyayo nyeupe za Bwana Mwadime zikicheza juu ya mchanga, alicheka, akaziba mdomo, akacheka tena. Siku ile mstari ulikuwa mfupi. Mwenye mtu kifuani aliniambia kwamba mtu huyo hajaondoka, lakini leo amekaa kando. Nilimwambia hizo ni habari njema, na sikuwa natania.

Dahabo alikuja, bila sanda lakini bila heri vilevile. Sahra alikuwa amezidi kuisha. Alilia bila sauti. Nilikaa chini. Sikumpima, sikumwuliza kilichotokea. Nilimwuliza jambo moja tu:

"Dahabo, haya maziwa, yafanywe nini ndipo mtoto ayanywe?"

Akanyoosha kidole kwenye dhiil iliyoning'inia kibandani, ule mtungi wa maziwa unaosukwa kwa mizizi.

"Hiyo ikinuka," alisema, "hatufunji, hatutubi. Tunaweka kuni ya moto ndani. Moshi, moshi, mbaka kila kitu ya zamani inatoka. Halafu maziwa inakuwa tamu." Akajigusa kifuani. "Mimi nimenuka. Hakuna mtu wa kunifukiza."

Mwenyeji wa pwani kama mimi haelezwi mambo ya kufukiza; kwetu nguo, nywele na bibi harusi vyote hupita kwenye moshi. Nikamwuliza Halima kwa nini basi wasimfukize. Halima akaniambia mwanamke hufukizwa akizaa, au mumewe anaporudi safari. Akitaka moshi bila sababu, ataulizwa sababu, na wa kwanza kuuliza ni mama mkwe. Dahabo hakuwa na jibu la kumpa.

Nilisimama. Nilivaa kofia yangu ya uuguzi ambayo kwa joto lile nilikuwa nikiificha mkobani, nikaenda kwa mama mkwe, nikatumia sauti ambayo walimu wangu wa chuo waliitumia kwangu.

"Matiti ya huyu mama yana ugonjwa. Dawa yake ni moshi, kama mnavyofukiza dhiil. Ndani ya aqal, kibandani mwenu, wanawake peke yao. Leo. Hospitali imesema."

Halima akatafsiri. Bibi yule alinikazia macho. Kisha akasema kitu kifupi, na Halima akakawia kunipa.

"Anasema hospitali imechelewa kusema. Anasema kuni anazo tayari."

Alinyanyua mkeka nyuma ya mlango. Vijiti vilikuwepo, vimekatwa kwa urefu mmoja, vimefungwa kamba, na vumbi juu yake lilionyesha vimekaa sana. Bibi akaniuliza swali, safari hii bila kunitazama, na Halima akalitafsiri akiwa ameinama.

"Anauliza, hii dawa, mtu mzee bia anaruhusiwa?"

Nikajibu kwamba anaruhusiwa.

Walifanya mchana ule ule. Ndani ya aqal palikuwa na giza la mikeka na ngozi. Walichimba kishimo, wakaweka makaa na vile vijiti, Dahabo akachutama juu yake, wakamfunika shuka kubwa hadi shingoni. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu moshi ukaanza kupita kwenye nyuzi za shuka, mwembamba, kila mahali kwa pamoja, juu ya mabega, mgongoni, mikononi, na kichwa chake kimekaa juu ya moshi kikiwa kimefumba macho, hakitikisiki. Niliwaza kwamba kama kweli kuna maiti wanaokaa na watu, hivi ndivyo wanavyofanana. Wanawake waliingia wakiinama, wakajaa, wakaanza kuimba kwa sauti ya chini ile kasida yao ya kumsifu Bi Hawa na Bi Fatuma, na makofi yao hayakuwa na kishindo. Bibi alizungusha kijiti cha moto ndani ya dhiil wakati ule ule, kraa, kraa, kraa. Walimfukiza mpaka macho yetu sote yakawa mekundu na hakuna aliyejua nani analia kwa moshi na nani analia.

Kisha wakampa mtoto. Sahra alinusa titi, akageuza uso, akanusa tena, akalishika. Dahabo alimtazama kama mtu anayemtazama mbuzi wa jirani.

"Anakunywa," alisema.

"Anakunywa."

"Atakufa lini?"

"Kaa tungoje," nikamwambia.

Tukangoja. Mtoto akashiba, akacheua, akalala mdomo wazi, maziwa yakimtoka pembeni. Bibi akaweka shavu puani pake kusikiliza pumzi, akaitikia kwa kichwa kwamba ipo. Dahabo akaliangalia tone la maziwa kwenye kidevu cha mwanawe, akalipangusa.

"Maziwa imefufuka," alisema. "Mimi bado."

Jumanne zilizofuata wanawake wengi waliniomba "dawa ya moshi ya hospitali". Nilimwandikia kwa mdomo kila aliyeomba, vijana na wazee, na sikumwuliza hata mmoja sababu. Bwana Mwadime alipekua kitabu chake cha dawa akaniambia hakuna dawa kama hiyo. Nikamwambia basi kitabu ni kifupi. Sio wote waliopata nafuu, na ningekuwa mwongo nikiwaambia hivyo. Yule wa mifupa ya nyonga hakuonekana tena. Jirani zake walisema alipita uwazi wa uzio asubuhi moja, akiwa mtulivu, akasema anakwenda kuitafuta ile ya kwake. Nyayo zake zilifika mtoni. Hadi leo nikioga natamani kukumbuka jina lake, halinijii.

Vita vilipokwisha na uzio kung'olewa, mimi nilibaki Garissa. Dahabo alihamia mjini na mumewe, akarudi kuuza maziwa, akazaa wengine wawili. Mumewe hakuambiwa kamwe. Na kila mwaka, mara moja au zaidi, alikuja kwangu, akaketi, akanyoosha mkono nimpime. Kila kitu kilikuwa sawa. Namwuliza, "Afya yako inaendeleaje, Dahabo?" Naye hujibu bila kulalamika, "Bado nimekufa, Sista. Watoto ni wazima." Kisha hununua unga, akaenda nyumbani.

Wauguzi wapya walipenda kumpa moyo. "Mama, wewe ni mzima kabisa!" walimwambia, na yeye alichukua mtandio wake akaondoka kwa hasira, asirudi kwa miezi. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, vijana wangu, hata kama mengine mmeyaruka. Katika miaka yangu yote nimewaona wanawake wa aina ya Dahabo, na hawakutoka kwenye vita peke yake. Wengine walitoka kwenye nyumba zenye mapazia mazuri. Mmoja anakuja kila wiki na kichwa, mgongo, tumbo. Mwingine haji kabisa mpaka mambo yameharibika, kwa sababu hawezi kupanda kile kitanda chenu cha kutanua miguu. Ukimwuliza mtu kama huyo afya yake, atakwambia ni mbaya, na vipimo vyako vitasema ni nzuri, nawe utaamini vipimo. Mwili wake ulichukuliwa siku moja na haujarudishwa wote, na yeye ndiye anayejua ni kiasi gani hakijarudi. Msimwambie hana kitu. Kaeni chini. Mwambieni mnataka kugusa wapi kabla ya kugusa. Mlango uacheni bila kufuli. Vaeni viatu laini. Na msilazimishe hadithi. Anayetaka kusema atasema, na asiyetaka anaweza kukwambia tu dawa anayoijua. Mkiniambia hamna muda, nitakasirika hata nikiwa huku Witu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini Dahabo aliletwa na Sahra, ambaye sasa ni mama wa watu, mnene, mwenye duka la nguo. Mama alikuwa ameanguka jikoni. Nilikuwa nimeketi kando wakati daktari wetu kijana, mtu wa bara, alipompima. Alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akarudia. Akakunja uso kwa namna wanayofundishwa.

"Mama, pole sana. Una presha. Iko juu, na ni ya hatari. Lazima uanze dawa leo."

Sahra akaanza kulia. Dahabo hakusogea. Akamwambia daktari aseme tena. Daktari akasema tena, kwa sauti kubwa, akidhani hasikii vizuri. Dahabo akanigeukia mimi.

"Kweli, Sista? Iko mgonjwa? Mimi?"

"Ndiyo, Dahabo. Safari hii imeonekana. Unaumwa."

Akacheka. Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akicheka. Alicheka hadi mtandio ukamwanguka mabegani na mvi zake zikaonekana, hadi machozi yakamshuka, akapiga goti la Sahra kwa kiganja, na Sahra akatutazama sote kama tumerukwa na akili. Daktari akaniuliza kwa jicho kama amwite mtu wa wodi ya vichaa.

"Maiti habati bresha," Dahabo alisema akipangusa uso. "Umeona wapi maiti na bresha?"

Kisha akajifunika vizuri, akavuta kiti hadi magoti yake yakagusa meza ya daktari, akamwinamia.

"Haya, daktari. Niambie chumfi nikule kiasi gani, na hiyo dawa nikunywe saa ngabi. Sema bole bole, usiruke kitu. Mimi sitaki kufa."